Pembe ya Sita

Pa! Kimya kidogo. Kisha pa-pa-pa!

Mlio ulitoka nyuma ya ukuta wa mabati, na Jacinta akaangusha kikapu chake katikati ya njia. Watu wa soko la Kibuye walikipita bila kukitazama. Inspekta Metrine Nasike hakuyaangalia mabati. Alimwangalia Jacinta.

"Ndio hiyo," Jacinta alisema, akaushika mkono wa Inspekta kama anayeshika nguzo ya nyumba. "Hiyo kukohoa. Nilisikia hivo hivo ile asubuhi."

"Una uhakika?"

"Afande, sikio yangu iko sawa. Ni macho ndio hayakuona."

"Basi hiyo ni pikipiki ya Gordon?"

Haikuwezekana. Gordon Walubengo alikuwa hospitalini, mguu umepondwa, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, askari yuko mlangoni. Pikipiki yake ilikuwa nyuma ya kituo cha polisi, imetiwa mnyororo. Haikuwa Kibuye, haikuwa nyuma ya mabati, na haikuwa ikikohoa.

Jacinta alikuwa muuza chai na mandazi kwenye njia ya kwenda Dunga. Jumapili alfajiri, akiwa amejifungia kibandani anakanda unga, alisikia pikipiki ikipita kuelekea ziwani, kisha baadaye ikirudi. Kulipopambazuka, wakata mafunjo waliukuta mwili wa Byron Owiti, mwanaboda aliyebeba abiria kwa pikipiki kutoka steji ya Kondele, kichwa kimepasuliwa, uso ndani ya tope. Jacinta aliulizwa alisikia nini. Akasema amesikia pikipiki yenye kelele kama bunduki. Ya nani? Akataja ya Gordon, maana kelele ya Gordon ilijulikana mji mzima. Kabla ya polisi kuanzisha gari, wanaboda wa Kondele walikuwa wameshamfikia Gordon kwa mawe na mipini.

Sasa ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Gordon angesomewa shtaka la mauaji kitandani kwake, na mkuu wa Nasike alikuwa ameshamwambia asipoteze petroli ya serikali.

"Okota kikapu, Mama," Nasike alisema. "Tuingie."

Nyuma ya mabati, fundi aliyeitwa Ajwang alikuwa amepanda pikipiki ya mteja, akivuta mafuta na kuachilia. Kila alipoachilia, bomba lilipiga risasi. Alikuwa na cheni ya fedha shingoni na uso wa mtu anayejua kwamba anatazamwa. Alipoona kitambulisho cha polisi alizima, akatabasamu.

"Madam! Karibu. Unataka ya kunguruma ama ya kulia?"

"Nataka kujua kwa nini hii inakohoa."

"Kwa sababu ni tamu." Ajwang aliangua kicheko peke yake, akakimeza. "Sawa. Hizi pikipiki mpya hazina kabureta. Ziko na kompyuta. Hapa kwa bomba kunakaa sensa ya hewa, inaonja moshi, inaambia kompyuta ongeza petroli, punguza petroli. Sasa vijana wanataka ekzosi ya kupiga kelele. Ekzosi imefunguka, pumzi inatoka mbio. Sensa inasumbua, tunaitoa, tunaziba tundu na bolti. Kompyuta inabaki ikikisia kama kipofu. Petroli inakuwa kidogo, injini inachemka, bomba inageuka rangi. Ukiachilia mafuta, pa-pa-pa. Wateja wanapenda sana."

"Na joto?"

"Joto?" Ajwang alichovya kidole kwenye kopo la maji, akarusha tone juu ya bomba. Tone lilipiga kelele likatoweka. Bomba lilikuwa na madoa ya bluu na zambarau. "Hapo unaweza kukaanga omena."

Nasike aliinama. Kwenye shingo ya bomba, upande wa kulia wa injini, bolti lilikuwa limechomoza. Kichwa chake kilikuwa na pembe sita, ukubwa wa kifuniko cha soda.

"Pikipiki ya Gordon Walubengo unaijua?"

"Ile kikongwe? Nani haijui. Hiyo ni ya kabureta. Haina sensa, haina tundu ya sensa, haina bolti. Silensa yake imeoza, ina tundu kama kichungi. Inanguruma tu ikipanda mlima. Kukohoa haikohoi." Aligeuka kwa Jacinta. "Mama, wewe ndio ulisema ni Gordon? Yaani ulishindwa kutofautisha simba na mtu wa kifua kikuu?"

"Nyamaza," Nasike alisema.

Jacinta aliketi juu ya gurudumu la zamani, akavuta leso mpaka usoni.

Nasike alitoa picha kwenye bahasha. Daktari wa mochari alikuwa ameipiga Jumatatu, na hakuna mwingine kituoni aliyeitazama mara ya pili. Ilionyesha mguu wa kulia wa Byron, juu kidogo ya kifundo, mahali suruali ya nailoni ilipoyeyuka ikagandana na ngozi. Katikati ya jeraha kulikuwa na umbo lililochorwa kwa moto. Pembe tano zilikuwa kali. Ya sita ililiwa, imekuwa mviringo.

Nasike alikuwa amelitazama umbo lile siku nzima ya Jumatano bila kujua ni nini. Sasa alilijua.

Ajwang aliichukua picha kwa vidole viwili. Tabasamu lilimtoka.

"Hii ni bolti yangu," alisema polepole. "Hii kona niliimaliza mimi. Ilikataa kuingia, nikaibana na spana ya mabomba, ikateleza, ikala kona. Nikasema, wacha tu, nani atainama kuangalia?"

"Uliifunga kwa nani?"

"Madam, mimi nakumbuka injini. Sura, wake zao watakumbuka."

"Ajwang."

"Kweli tupu! Wanakuja na helmeti, wanaondoka na helmeti. Lakini..." Alijikuna shingo. "Jumapili mchana mmoja alirudi. Alitaka ile silensa ya kampuni irudishwe, na sensa yake. Nilifunga nikiangalia mpira kwa simu. Ekzosi aliingiza kwa gunia akaenda nayo. Nilimuuliza, imekukosea nini? Akasema mke wake analalamika kelele."

"Jumapili mchana. Watu wa Kondele walipokuwa wakimpiga Gordon."

"Hiyo sikujua, haki ya Mungu. Mimi sikuwa huko."

"Leo utakuwa," Nasike alisema. "Chukua koti."

* * *

Kwenye gari, Koplo Achola alishika usukani bila kuliwasha. Alikuwa mtu wa Bondo, mnene, asiyependa kuharakishwa.

"Tupekue nyumba zote za wanaboda wa Kondele?" aliuliza. "Ekzosi iko kwa gunia, gunia laweza kuwa ziwani."

"Haijatupwa. Ile ni mali, na mwenyewe anaipenda. Ameificha tu."

"Basi tutaipata namna gani?"

"Ataileta mwenyewe. Leo mwili unatoka mochari kwenda nyumbani. Niambie wewe, Achola, ni watu wa kwenu. Mwanaboda akifa, wenzake hufanya nini?"

Achola aliwaza. "Wanamsindikiza kwa kelele. Zamani wazee walifukuza kifo kwa ng'ombe na mikuki. Siku hizi vijana wanakifukuza kwa injini. Wanalegeza silensa, wengine wanazitoa kabisa. Wakifika steji yake wanasimama, wanazunguka, wanapiga risasi za kumuaga."

"Na atakayekuja na pikipiki inayonong'ona?"

"Huyo!" Achola alicheka kwa kukereka. "Huyo ataulizwa mpaka kaburini. Ulikuwa na chuki na marehemu? Wewe ndiye ulimroga? Na kama alijulikana kwa ekzosi kubwa, halafu siku ya mwenzake pikipiki yake ije kimya kama ya katekista..." Alishika ufunguo. Akaliwasha gari. "Yesu. Ataileta."

* * *

Waliegesha Kondele, chini ya daraja la barabara kuu, nyuma ya wauza mitumba, karibu na steji. Ajwang alibaki ndani ya gari. Jacinta alisimama ukingoni mwa barabara, kikapu mkononi, na Nasike kando yake.

Kelele ilifika kwanza. Ilitoka upande wa mjini kama mvua inayokuja juu ya mabati. Watu waliacha kupatana bei, kina mama wakainua vikoi vyao wakavitikisa. Kisha pikipiki zikaonekana, matawi yamefungwa kwenye vioo, taa zimewashwa mchana, na katikati yake gari la maiti likitambaa. Kelele iligonga kifua mpaka pumzi ikakosa nafasi.

"Funga macho, Mama," Nasike alisema sikioni mwa Jacinta. "Hutasikia kitu mpaka waachilie mafuta. Wakipunguza mwendo, hapo."

Msafara ulifika kwenye steji. Mikono ikaachilia mafuta, ngurumo ikashuka. Na ndani ya ngurumo iliyoshuka, pikipiki moja ikakohoa. Pa! Pa-pa-pa!

Jacinta hakufumbua macho. Aliinua kidole akakielekeza kando ya gari la maiti, mahali pa heshima.

Aliyekuwa hapo ni Zadock Ooko, mwenyekiti wa steji. Wenzake walimwita Jatelo, yaani kiongozi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kitambaa cheusi mkononi. Jumatatu alikuwa amemwambia Koplo Achola mambo matatu, na Achola aliyakumbuka yote: kwamba hajawahi kufunga ekzosi ya mitaani, kwamba hajambeba Byron tangu Pasaka, na kwamba Jumapili alfajiri alikuwa Bondo.

Nasike alipita katikati ya moshi akasimama mbele ya gurudumu lake.

"Pole na msiba, Mwenyekiti."

"Asante, Madam." Sauti yake ilikuwa kavu. "Hamngengoja tuzike?"

"Sitakuchelewesha. Naona ekzosi mpya."

"Ya kuazima. Ya msiba tu."

"Umeazima kwa nani?"

"Fundi fulani, Kibuye."

Nasike alipunga mkono. Ajwang alishuka garini akaja akijikokota. Hakumtazama Zadock usoni. Alichuchumaa kando ya injini, akatazama, akapanguza mikono kwenye suruali.

"Mimi siazimi mtu kitu," alisema. "Hii ndio iliondoka kwa gunia Jumapili."

Wanaboda walianza kusogea. Wengine walikuwa wamezima, wengine bado injini zinanung'unika. Kijana mmoja mwenye shati la kijani alipaza sauti: "Madam, muuaji si mlishamshika? Mnasumbua Jatelo ya nini? Wacheni tuzike mtu wetu!"

"Mama Jacinta," Nasike alisema. "Naomba katoni ya mandazi."

Jacinta alimpa. Nasike alirarua upande mmoja, akaukunja mara mbili, akainama upande wa kulia wa pikipiki, akaubandika kwenye shingo ya bomba. Moshi mweupe ulitoka palepale. Alihesabu kimoyomoyo, akaubandua, akauinua juu.

Umbo lilikuwa limechorwa kwa moto. Pembe tano kali, ya sita imeliwa.

Kwa mkono wa pili aliinua picha ya daktari.

"Njooni mtazame," alisema. "Na wewe wa shati la kijani, njoo karibu. Huu ni mguu wa Byron."

Walikuja. Walitazama katoni, wakatazama picha. Mmoja alivua helmeti.

Zadock alishuka kwenye pikipiki. "Na hiyo ni nini?" alisema kwa nguvu. "Kila mtu wa boda ako na alama ya ekzosi! Hata mimi." Alikunja suruali, akaonyesha kovu jeusi kwenye shavu la mguu. "Hata huyu. Hata yule. Byron aliungua siku ingine, akinisaidia kuosha. Mtanifunga kwa hiyo?"

Manung'uniko yalipita kati yao. Kila mmoja wao alikuwa na kovu la namna ile. Nasike aliona shingo zikigeuka upande wa Zadock, akaona pia mkono wa Achola ukishuka taratibu kwenye mkanda.

"Kovu lako limepona," Nasike alisema. "La Byron halikupata hata muda wa kutoa lengelenge. Nailoni ya suruali aliyokufa nayo iligandia humo ndani. Halafu tazama lilivyozama. Wewe ukiguswa na bomba hufanyaje?"

Zadock alishusha suruali juu ya kovu.

"Nakuuliza wewe wa kijani."

"Natoa mguu," kijana alisema. "Chap."

"Kila mtu hutoa mguu. Byron hakutoa. Pikipiki ilimlalia, bomba likamla mpaka karibu na mfupa, na hakutoa mguu kwa sababu hakuweza. Na mtu mwenye uwezo wa kuiinua alisimama pale akangoja."

Injini za mwisho zilizimwa. Kijana wa shati la kijani alimgeukia Zadock, na sauti yake ilikuwa ndogo ghafla.

"Jatelo. Si ni wewe ulikuja mbio Jumapili, ukatuambia ni Gordon? Ukatuambia tusingoje polisi?"

"Mama wa chai ndiye alisema!"

"Mimi nilisema kwa polisi," Jacinta alijibu, na leso haikuwa tena usoni. "Kwa chumba. Nani alikuambia?"

Mlango wa gari la maiti ulifunguliwa. Apiyo, mama yake Byron, alishuka peke yake, akiusukuma mkono uliotaka kumsaidia. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, kichwa wazi, miguu haina viatu. Wanaboda walimpisha. Alitazama katoni. Picha hakuitazama.

"Zadock," alisema. "Jumamosi ulikula kwangu."

"Ndiyo, Mama."

"Samaki nilikupa kichwa, kwa sababu wewe ndio mkubwa wao." Alisimama mbele yake, akifika kifuani mwake tu. "Ijumaa Byron aliniambia kitu. Alisema kuna mzee aligongwa njia ya Bondo akaachwa hapo mpaka akakufa. Alisema, mimi nilikuwa nyuma ya huyo aliyegonga. Alisema Jumatatu naenda polisi. Nikamwambia, nyathina, mtoto wangu, nitajie jina. Akakataa. Akasema, Mama, nikikutajia hutampa chakula tena, na kesho anakuja kula."

Muuza mitumba aliyekuwa akipiga kengele aliishika kengele kwa kiganja isilie.

"Kesho yake ni wewe ulikuja," Apiyo alisema. "Wewe peke yako."

Zadock alirudi hatua moja. Alimtazama Ajwang, akamtazama Achola, kisha akatazama jeneza ndani ya gari, na macho yakabaki huko.

"Nilimwomba tu anyamaze, Mama," alisema. "Nilimwomba njia yote mpaka Dunga. Mzee alikuwa ameshakufa. Kusema kungemfufua?"

Achola alimfunga pingu akiwa bado anaongea. Mawe yalikuwa mengi kando ya barabara, na mikono michache ilikuwa imeshaanza kuyatafuta. Nasike alilivaa jambo lile kabla halijakua.

"Weka chini!" Sauti yake iligonga nguzo za daraja. "Wewe, weka! Wiki hii mmeshamvunja mmoja. Hamjashiba?"

Mawe yaliwekwa chini, moja moja, kwa aibu.

Apiyo aligeukia wanaboda. "Hiyo kelele yenu," alisema, "hiyo kelele ndio mtoto wangu alisikia mwisho. Sitaki. Mpelekeni nyumbani kimya."

Walitazamana. Kisha kijana wa shati la kijani akaitia pikipiki yake gia huru, akashika usukani, akaanza kuisukuma kwa miguu kuelekea barabara ya Bondo. Mwingine akafuata. Wakafuata wote, wameinamisha vichwa, minyororo ikilia kidogo, na gari la maiti nyuma yao likienda mwendo wa mtu. Pikipiki ya Zadock ilibaki peke yake kwenye steji, bomba lake likipoa kwa milio midogo: tik, tik, tik.

Simu ya Nasike ilitetemeka. Alikuwa Emmaculate, mke wa Gordon. Nyuma ya sauti yake kulisikika magurudumu ya kitanda.

"Afande, wamekata," Emmaculate alisema. "Asubuhi. Juu ya goti."

Nasike aliikaza simu sikioni.

"Ameamka sasa hivi. Ile pingu bado iko. Hajauliza mguu. Anauliza kama Byron amezikwa, kwa sababu alitaka kuchanga ya jeneza. Nimwambie nini?"

Wa mwisho katika wale waliosukuma walikuwa wakipita mbele yake. Wengine aliwafahamu kwa sura. Walikuwa kwenye picha za Jumapili, zile ambazo mpita njia alizipiga kwa simu, mipini ikiwa juu hewani. Nasike hakushusha sauti. Aliipandisha, ili Emmaculate asikie, na wao wasikie.

"Mwambie nakuja na ufunguo," alisema. "Pingu nitaifungua mimi mwenyewe, leo, kwa mkono wangu. Jumatatu nitasimama mbele ya hakimu niseme jina lake na niseme hakuua mtu, na nitalisema kwa sauti kama hii. Halafu nitarudi hapa Kondele, Emmaculate. Nitawachukua mmoja mmoja, kila aliyeshika mpini, hata kama leo anasukuma pikipiki na kulia. Mwambie Gordon hivyo. Ninamwahidi."